LUKU moja, vyumba sita, wanachuo watupu: wenye nyumba wenzangu umeme na maji mnagawanaje?

Mwenye_Geti_Jeusi:
Wakuu habari za majukumu.

Nina nyumba Changanyikeni hapa Dar, vyumba sita, kila chumba choo ndani, jiko hakuna kila mtu anapikia chumbani kwake. Nimepangisha wanachuo watupu maana hapa na Mlimani (UDSM) ni pua na mdomo, na wa Chuo cha Ardhi nao wapo. Kodi sina tatizo nayo, wanalipa miezi sita sita na wazazi wengi wananitumia wenyewe. Kinachonitoa jasho ni umeme na maji.

LUKU ni moja. Tulikubaliana kila chumba elfu kumi kwa mwezi, mmoja wao anakusanya ananunua tokeni anaituma kwenye grupu. Sasa chumba namba mbili kuna kijana ana friji, ana sabufa, na anapikia jiko la koili, tena maharage anachemsha tokea mabichi. Chumba namba tano kuna binti ana taa na simu na laptop, Ijumaa jioni huyoo Kimara kwa shangazi yake mpaka Jumatatu. Wote elfu kumi. Mwezi huu binti kagoma na kusema kweli sina cha kumjibu.

La pili ni hii 1,500 ya kodi ya jengo. Inakatwa ukinunua mara ya kwanza kwenye mwezi si ndio, basi umeme ukiisha tarehe 30 au 31 hakuna anayenunua, kila mtu anamsubiri mwenzie aanze akatwe yeye. Nimepita juzi usiku nyumba nzima giza, vijana wamekaa barazani wanachati, hela kwenye simu wanazo! Nikauliza vipi jamani, mmoja ananijibu "mzee tunasubiri mwezi ukae sawa".

Maji ndio kabisa, bili ya DAWASA inakuja kwenye simu yangu mimi. Nimepangisha watu sita ila asubuhi nikipita naona ndala pea kumi na kitu kwenye korido. Wanabebana kama wako hosteli. Anayelipa kodi ni mmoja, wanaooga watatu.

Na wakifunga chuo mwezi wa saba wanasema hatupo hatulipi kitu, wakirudi mwezi wa kumi mambo ndio kama mnavyojua.

Nimewaza kuweka vyote ndani ya kodi niongeze elfu ishirini kwa chumba yaishe, jirani yangu ananiambia usithubutu. Wenye uzoefu na hawa vijana naombeni mawazo, sabmita? LUKU kila chumba? au kuna namna nyingine?

Kipara_wa_Ubungo:
Pangisha familia mkuu uachane na presha. Wanachuo ni kelele tu na supu (mitihani ya kurudia) za mwaka wa pili.

Mwenye_Geti_Jeusi:
Familia nilishakuwa nayo humo, kodi ya miezi mitatu nilikuwa naifuata kama deni la harusi. Wanachuo nawataka, naomba ushauri wa bili.

Fundi_Waya:
Mkuu jirani yako kasema kweli, usiweke umeme ndani ya kodi. Nimefunga nyumba nyingi za wanachuo Msewe na huko kwako Changanyikeni, mwenye nyumba akisema umeme bure basi feni haizimwi hata kama mtu yuko lekcha, na heta za ndoo zinaanza kutokea kila chumba. Maji unaweza kuyatia ndani ya kodi nitakuja huko, umeme hapana.

Weka sabmita. Ni kimita kidogo kinakaa ndani ya boksi moja na breka, kila chumba chake, LUKU yako inabaki hiyo hiyo moja. Ila zingatia mambo haya maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Kwanza waya za kila chumba lazima zitoke peke yake kwenye mein swichi. Nyumba nyingi za zamani taa za vyumba vyote ziko kwenye sakiti moja na soketi za vyumba viwili viwili zimeunganishwa, ukifunga sabmita juu ya wiring ya hivyo chumba namba tatu atakuwa anamlipia namba nne pasi. Kwa hiyo gharama kubwa sio sabmita, ni kutenganisha waya. Fundi akikwambia "nafunga leo leo jioni namaliza" bila kufungua hata swichi moja kuangalia, mrudishe.

Pili nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Kila chumba na nyutro yake, isikutane na ya mwenzie baada ya sabmita. Zikichanganywa mita zinasoma uongo na utapata kesi kila mwezi.

Tatu jaribu kabla hujamlipa fundi. Zima breka za vyumba vyote, simama mbele ya LUKU uangalie kile kitaa chekundu. Kikiendelea kupiga piga kuna umeme unatoka sehemu hujui, inaweza kuwa waya unavujisha, inaweza kuwa jirani, nimeshayakuta yote mawili. Halafu washa chumba kimoja kimoja, muweke mtu na pasi humo ndani, uone sabmita inayotembea ni ya chumba hicho hicho. Hapo wanafunzi wawepo waone kwa macho yao, itakusaidia baadae.

Boksi likae koridoni sio ndani kwa mtu, liwe na kioo kila mmoja asome namba zake. Mwisho wa mwezi unapiga picha mita zote sita unatupia kwenye grupu, biashara imeisha.

Mlimani_Finalist:
Shikamoo mzee. Mimi ni mpangaji, mwaka wa mwisho, nimeishi mageto matatu tofauti huku huku kwa hiyo naongea kwa upande wa pili.

Ile 1,500 ni yako mzee wangu, sio yetu. Ni kodi ya jengo na jengo ni la kwako, zamani mlikuwa mnalipa wenyewe ikahamishiwa kwenye LUKU 2021, wakati ule ilikuwa buku kwa mwezi, 2023 ikapanda ikawa 1,500 na ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Mpangaji akikatwa anatakiwa arudishiwe na mwenye nyumba. Wewe tarehe moja asubuhi nunua umeme wa elfu mbili tuma kwenye grupu, hiyo 1,500 ikatwe kwako, hutakuta tena watu wamekaa giza. Kwa mwaka ni elfu kumi na nane tu, kwa vyumba sita hiyo si hela ya kugombana na watoto wa watu.

Na likizo usipofanya hivyo inajilimbikiza. Geto langu la kwanza tulifunga chuo wote tukasepa, tumerudi mimi ndio wa kwanza kufika, nimenunua umeme wa elfu tano nikaletewa uniti mbili hazifiki! Miezi yote mitatu ilikatwa kwangu. Mwenye nyumba nampigia ananiambia "hiyo ni serikali mwanangu".

Kingine kuhusu sabmita, sio mbaya ila kuna wenye nyumba wanazifanya mradi. Nilipokaa mwaka wa pili tulikuwa tunauziwa uniti shilingi 500 wakati kwenye LUKU inaingia kwa mia tatu hamsini na kitu. Risiti hatuonyeshwi. Tukawa tunapanga njama tu za kumkomesha, mara mtu anachomekea soketi ya koridoni mara nini. Mkituonyesha risiti ya tokeni wala hatuna neno.

Halafu jueni kalenda yetu jamani. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka watu wanalipa hata kabla hujadai, likichelewa hata ukija na mjumbe wa mtaa hupati kitu. Kusanya wakati wa bumu.

HesabuKali:
Naona wote mmeruka kitu kikubwa zaidi ya sabmita. Tarifu, yaani daraja la bei unalowekwa na TANESCO.

Nyumba ya vyumba sita kwenye LUKU moja lazima ipo tarifu ya kawaida, ile ya shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) tatu na EWURA (mdhibiti wa nishati) moja inakuja kama 356. Matumizi madogo ya nyumbani, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kwa uniti, na makato yake inakuwa 122. Mara tatu kasoro kidogo!

Sasa angalia. Mwanachuo wa kawaida tuseme anakula uniti 30. Peke yake angekuwa na mita yake angestahili bei ya 122, analipa 3,660 mwezi mzima. Lakini kwa vile wako sita kwenye mita moja TANESCO anaona mteja mmoja wa uniti 180, kila mmoja analipa 10,687. Yaani hawa watoto wote ni watumiaji wadogo, ila wakijumlishwa wanatozwa kama mtu mkubwa. Elfu saba kwa kila kichwa kila mwezi inapotea kwa sababu ya kuchangia mita. LUKU kila chumba ndio dawa, sabmita inagawa hasara tu kwa haki.

Fundi_Waya:
Mkuu hesabu zako sina ubishi nazo ila shuka chini tuongee. Kuunganishiwa mjini, nyumba ikiwa ndani ya mita thelathini toka kwenye nguzo, ni 320,960 kwa LUKU moja, bado wiring na cheti cha mkandarasi. Ana moja tayari, tano zaidi ni 1,604,800. Nani anatoa? Akiitoa mwenye nyumba atairudisha kwenye kodi, sasa mwanachuo kaokoa nini?

Na bei ya 122 hupewi kwa kuomba tu siku unafungiwa, wanaangalia matumizi yako ya miezi kadhaa kwanza. Yule wa koili akizidisha anarudishwa juu. Piga mwenyewe, jiko la koili la wati 1,000 likiwaka masaa mawili kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi, kabla ya friji. Hiyo peke yake kwa bei ya kawaida ni zaidi ya 21,000, na mzee anamtoza elfu kumi, maana yake maharage ya namba mbili yanachangiwa na nyumba nzima. Taa ya binti wa namba tano ya wati 9 hata ikiwaka masaa sita kila siku haimalizi uniti mbili mwezi mzima.

HesabuKali:
Haya tukutane katikati. Asifunge sita. Aongeze LUKU moja au mbili, wale watumiaji wadogo watatu wawekwe mita moja, wakikaa chini ya 75 waombe kushushwa. Wapishi wabaki kwenye ya zamani na sabmita zao.

Fundi_Waya:
Hiyo inawezekana. Ila wanachuo wanahama kila mwaka mkuu, mwaka huu chumba namba tano binti wa taa, mwakani ataingia jamaa na oveni. Labda waya zipangwe kwa vyumba na mwenye nyumba awaambie mapema hivi vyumba vitatu havina kupikia kwa umeme. Na akiongeza mita ahakikishe kodi ya jengo inakatwa kwenye mita moja tu, ikikatwa kwote apeleke malalamiko na namba za mita zote mbili warekebishe.

Mlimani_Finalist:
Havina kupikia kwa umeme halafu mtaani gesi ikiisha tarehe ishirini mtu ale nini 😂 mtapikiwa usiku wa manane mtashangaa uniti zinaenda wapi.

Mama_Wapangaji:
Kaka Geti Jeusi pole na hongera maana wanachuo ukiwaweza ni watu wazuri. Mimi nipo Dodoma, nina wa UDOM mwaka wa ngapi sijui huu, nikueleze ya maji maana umeme mafundi wameshamaliza.

Maji usihangaike kumpimia kila mtu, weka ndani ya kodi LAKINI kwa kichwa sio kwa chumba. Mimi nawaambia siku ya kwanza kabla hata hajaingiza godoro, chumba ni cha mtu mmoja au wawili, sema sasa hivi mko wangapi, wawili basi maji ni ya wawili, na majina nayaandika. Akija mgeni siku mbili tatu sina neno, wanafunzi wana wageni na wengine wanakuja kusomeana wakati wa UE (mitihani ya mwisho wa muhula) nyumba inajaa, hiyo naelewa. Ila mgeni akishaleta ndoo yake na mswaki huyo si mgeni tena, namwambia mwanangu karibu, maji yako shilingi kadhaa. Hawakatai, wanachokataa ni kuviziwa viziwa na kuhesabiwa ndala.

Uniti moja ya maji ni lita elfu moja, ndio dumu hamsini za lita ishirini. Waelezeni hivyo kwa madumu wanaelewa haraka sana maana wote wamenunua maji ya kwenye mkokoteni. Mwanafunzi mmoja haogi uniti kumi hata afanyeje, kwa hiyo ukiona bili imeruka usianze kutukana watu kwenye grupu, nenda usome mita saa nne usiku watu wakilala, rudi alfajiri kabla hawajaamka. Ikiwa imetembea ni bomba au tanki la choo. Kwangu ilikuwa choo cha chumba cha mwisho, boya limekatika maji yanaingia chooni kimya kimya huwezi hata kusikia mpaka uweke sikio, na mwenye chumba alishazoea. Wewe una vyoo sita, kila choo kiangalie. Tia majivu kidogo kwenye lile tanki la kuflashi au rangi ya chakula, usiflashi, subiri, ukiona rangi imeshuka chini kwenye sinki ujue hapo ndipo hela yako inapoenda.

Na likizo. Kwenye karatasi yangu nimeandika kabisa, chumba kikiwa kimefungwa mtu halipii maji, ila atoe funguo anikabidhi. Ukisema unaenda nyumbani halafu funguo umemwachia rafiki yako anaefanya fildi (mafunzo ya kazi) hapa mjini hiyo si likizo. Hiyo karatasi tunasaini watatu, mimi, mwanafunzi na mzazi au mlezi, na kopi moja inakaa kwa mwenyekiti wa mtaa, wala sio kwa ubaya.

Cha mwisho chukua hela ya tahadhari, mimi nachukua elfu thelathini siku anaingia. Bila hiyo, akimaliza UE ya mwisho mwaka wa tatu anaondoka usiku na begi, simu inazimwa, unabaki na namba za sabmita ukutani. Ukiwa na thelathini yake atakuja mwenyewe asubuhi mhesabiane. Na umrudishie kweli, usitafute kisingizio cha rangi ya ukuta, watoto wanaambiana hao.

Kipara_wa_Ubungo:
Mama umeongea. Nimebadili mawazo kidogo.

Mlimani_Finalist:
Mama Wapangaji bado kuna chumba? 😂 Mdogo wangu kapangiwa UDOM.

Mama_Wapangaji:
Mwambie aje mwezi wa kumi kabla dalali hajamuona. Na useme ukweli wanakuja wangapi.

Mwenye_Geti_Jeusi:
Wakuu nawashukuru sana, mwanangu Finalist marahaba na nimekuelewa, hiyo 1,500 kuanzia tarehe moja ni yangu na nimeshawaandikia kwenye grupu, wamenijibu na vidole gumba kibao.

Nimeamua sabmita kwanza, LUKU ya pili nitaiangalia mwakani nikijua matumizi ya kila chumba yakoje. Uniti nitawatoza bei ile ile ya kwenye risiti. Vyoo nimeshapita leo na mchana nimevikuta viwili vinavuja, namba moja na, mnaweza msiamini, namba tano ya binti wa Kimara.

Swali la mwisho kwa fundi. Nina pampu ya kupandisha maji kwenye SIM tank, ya hosi pawa moja, na taa nne za nje zinawaka usiku kucha. Hizo zikae kwa nani? Tukijumlisha sabmita sita si hazitafika zilizoingia kwenye LUKU, watasema nawaibia.

Fundi_Waya:
Ndio maana nikasema boksi, liwe la nafasi saba sio sita. Ya saba ni ya pampu na taa za nje na soketi ya koridoni kama ipo, na hiyo soketi bora uitoe kabisa. Pampu ya hosi pawa moja ni kama robo tatu ya uniti kwa saa, ikijaza tanki nusu saa kila siku ni uniti kumi na moja kwa mwezi. Taa nne za wati 9 usiku mzima masaa kumi na mbili ni kumi na tatu nyingine. Jumla ishirini na nne, kama 8,500 hivi.

Hiyo usiigawe kwa wapangaji, iingize kwenye kodi pamoja na maji maana pampu ni maji hayo hayo. Picha ya mita ya saba uitume kwenye grupu pamoja na zile sita ili hesabu ifunge. Ikitofautiana na LUKU kwa uniti moja mbili ni kawaida, ikifika kumi nipigie tuanze kuzima breka moja moja.

Na taa za nje weka za sensa mzee, usiku kucha zinamulika nini.